Mwezi wa Mwaka Jana

Ukuta kati ya chumba changu na chumba cha Fundi ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kwa miaka mingi sikununua televisheni. Ya nini? Nilikuwa naisikia yake. Nilijua waziri gani kasema nini, timu gani imefungwa, na mke gani wa tamthilia ya Kituruki kagundua kwamba mumewe ana nyumba ndogo, yote hayo nikiwa nimelala chali na soksi mguuni. Picha sikuziona. Nilizitunga mwenyewe, na nadhani zangu zilikuwa nzuri zaidi.

Sasa upande wa pili kimya. Mwanawe alikuja na gari, akamchukua mama yake kwenda kuishi naye Dar es Salaam, ghorofani. Ukitaja Fundi hapa mtaani kwetu Chemchem watu watakuuliza fundi yupi, maana mafundi wamejaa. Ukisema fundi wa kanzu, wataanza kucheka kabla hujamaliza. Wanacheka kwa sababu ya siku moja. Inaniudhi. Mtu ameshona nguo za mtaa mzima, za harusi na za shule, halafu anabaki kwenye midomo ya watu kwa asubuhi moja tu. Hiyo asubuhi nitaisimulia, siwezi kuikwepa, lakini nitaisimulia baada ya mambo mengine, kwa sababu ndivyo alivyoishi: mambo mengine yalikuwa mengi.

"Ni ya leo?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Muuza migebuka akipita na beseni kichwani, Fundi haulizi bei. Anauliza, "Ni ya leo?" Migebuka ni samaki wa Kigoma, haiwezi kuwa ya leo hata ikipanda ndege, lakini muuzaji alishajua la kujibu: "Ya leo, Fundi, angalia inavyokukodolea macho." Akaridhika. Maziwa ni ya leo? Mkate ni wa leo? Ukimpelekea habari kwamba fulani kafiwa, alikuuliza kwanza kama ni ya leo ndipo akasema innalillahi. Habari ya jana kwake ilikuwa kama kiporo, unaweza kuila lakini humpi mgeni.

Mimi nauza asali. Naitoa kijijini Ipole kwa ndugu zangu wanaofuga nyuki, naileta sokoni kwa madumu. Siku ya kwanza nilipompelekea chupa, zawadi ya ujirani, aliinyanyua kwenye mwanga akaigeuza.

"Ni ya leo?"

"Fundi, asali haina leo. Hata ya mwaka juzi ni asali."

"Basi ni kitu cha ajabu hicho," akasema, akaiweka mezani akiwa bado na shaka nayo. Tangu hapo akaniita Bwana Asali, na jina langu la ubatizo hakuna anayelikumbuka mtaani isipokuwa mwenye nyumba wangu.

Sasa mtu huyohuyo aliyetaka kila kitu kiwe cha leo, yeye mwenyewe kwa wateja alikuwa na neno moja tu: kesho. Kanzu yangu iko wapi, Fundi? Kesho. Ulisema kesho jana. Basi ni kesho. Nilimsikia kupitia ukutani akiapa kwamba zimebaki kola tu, na mimi najua kitambaa bado hakijaguswa na mkasi, maana mkasi wake ulikuwa mzito na ukikata mezani nilikuwa nausikia. Nikamwambia siku moja kwamba angekuwa muuza samaki angefungwa. Alinitazama juu ya miwani yake, iliyofungwa mkono mmoja kwa uzi mweusi wa cherehani, akasema, "Samaki anaoza. Kanzu haiozi."

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono midogo isiyolingana na mwili. Akishona alijaza pini mdomoni na bado akasengenya vizuri tu. Kwenye kidole cha kati alivaa kastabini mchana kutwa, hata ukimpa mkono unaguswa na chuma baridi. Ndani ya chumba chake cha mbele alikuwa na kioo kirefu cha wateja kujitazama, kikubwa kuliko mlango wa kabati, kimeegemezwa ukutani. Hakuruhusu mtoto kukikaribia. Alisema kioo hicho kimeona mabwana harusi wengi wanaotetemeka na kinastahili heshima.

Cherehani yenyewe ilikaa nje, barazani. Baraza la Fundi liliutazama mtaa wote. Kichochoro chetu kimenyooka kutoka upande wa sokoni mpaka upande wa reli, na kule kwenye reli kinaishia pa wazi, hakuna nyumba, ni mbingu tu inashuka mpaka kwenye nyasi. Akiwa amekaa pale aliona nani ametoka, nani amerudi na mfuko, nani amerudi bila mfuko. Mtu akipita bila shikamoo alisimamisha mguu kwenye pedali, na kile kimya cha cherehani kikamtosha mkosaji. Nilijifunza kusalimu kwa sauti nikiwa bado mbali. Mara moja nilijisahau nikamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, Fundi." Akacheka akasema, "Leo umeamkia Ipole?"

Juu ya paa lake kulikuwa na dishi. Lilikuwa la kwanza kichochoroni, na kila saa mbili usiku Fundi aliigeuza televisheni ikatazama mlangoni, watu wakakaa barazani na kwenye mkeka kusikiliza taarifa ya habari. Wanawake mkekani, wanaume ukingoni, na mzee mmoja mstaafu wa reli aliyekuja na kigoda chake mwenyewe kwa sababu hakuamini viti vya watu. Saa mbili ilikuwa saa mbili. Fundi alisimamisha kazi, akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto. Hakuruhusu mtu kuongea mpaka hali ya hewa imesomwa. Ikitajwa mvua kanda ya magharibi alitazama juu kama vile mtangazaji kamuahidi yeye binafsi.

Baada ya habari wengi waliondoka, na ndipo Fundi alipoweka mieleka. Haya mambo hayakujulikana sana. Mimi niliyajua kwa sababu ya ukuta. Alikuwa mcha Mungu kwelikweli, swala hazimpiti, tasbihi haimtoki mkononi, na tasbihi hiyohiyo aliishika akitazama majitu yaliyopakwa mafuta yakirushana. "Mpige! Mpige! Astaghfirullah. Mpige tena!" Asubuhi nikimuuliza kelele zilikuwa za nini, alisema alikuwa anamfukuza paka.

Lakini heshima yake kubwa ilikuwa sinia. Mwezi ishirini na tisa wa Ramadhani, watu wakishafuturu, kichochoro kizima kilisubiri kujua kama mwezi umeandama au tunafunga ya thelathini. Mimi ni Mkristo, Mmoraviani, sifungi, lakini nasema tunafunga kwa sababu mwezi ule hata mimi mchana sikula barazani, ningekuwa mtu wa namna gani? Fundi alikaa mbele ya televisheni na sinia kubwa la shaba mapajani. Mashekhe wakitangaza kwamba mwezi umeonekana, alitoka nje barazani akaligonga sinia kwa kishikio cha mkasi wake mzito. Sauti ile ilifika mpaka relini. Watoto walipiga kelele, wanawake wakaingia jikoni kuosha mchele, vijana wakakimbilia kinyozi. Watu wengine walikuwa na redio, baadaye wakawa na simu, lakini walisubiri sinia. Kama sinia halijalia, Idi haijafika kwetu.

Halafu akaanguka. Ilikuwa asubuhi baada ya mvua, kwenye vidato vya kutoka mlangoni kushukia barazani kwake mwenyewe, akiwa na ndoo ya maji ya kufutia vumbi. Nyonga ikavunjika. Alirudi kutoka hospitali na chuma cha kutembelea chenye miguu minne, cha kujikongojea kutoka kitandani mpaka kwenye kiti na kutoka kwenye kiti mpaka chooni, basi. Vidato vilimshinda. Vijana wa mtaa walijitolea kumbeba kila asubuhi wampeleke barazani. Akakataa.

"Mimi si gunia la tumbaku," alisema. "Nibebwe na wanaume wasionihusu, mtaa mzima unatazama miguu yangu inavyoning'inia?"

Cherehani ikaingizwa ndani. Kiti chake kikawekwa mbali kidogo na mlango, kwa sababu ya upepo, na kutoka pale alichokiona ni ukuta wa nyumba ya mbele, uliopakwa rangi ya kijani. Mtu akipita alimwona kwa hatua moja tu halafu ametoweka. Nilimsikia kupitia ukutani akijaribu: "Nani huyo? Nani kapita?" Na aliyepita alishafika kwa muuza mkaa.

Mwanawe alimpenda, nisije nikaeleweka vibaya. Alikuja kutoka Dar akaona mama yake amefungiwa ndani ya chumba kimoja, akataka kumpa dunia. Akavuta mtandao wa waya mpaka ndani. Akaleta televisheni mpya pana, nyembamba, ambayo haitaki king'amuzi wala dishi, unachagua mwenyewe unachotaka na kinakuja wakati wowote. Akapanda juu ya paa kwa mikono yake akalishusha dishi. "Mama, umetoka utumwani," alisema, nilimsikia. "Hakuna tena kusubiri saa mbili. Habari unaitazama hata saa nane mchana." Dishi nililiomba mimi. Nimelifunika juu ya banda la kuku mpaka leo.

Wiki ya kwanza Fundi alifurahi kama mtoto. Mieleka ilikuwa haimaliziki. Baadaye akaanza kulalamika, kwanza kwa utani.

"Bwana Asali, hii televisheni inanichunguza."

"Inakuchunguzaje?"

"Nilitazama mtu mmoja anaeleza mazoezi ya nyonga. Mara moja tu. Sasa inaniletea wagonjwa. Nyonga, goti, mgongo, mzee kaanguka bafuni, bibi kavunjika. Nikifungua asubuhi, wagonjwa. Nikitoka kuswali, wagonjwa. Nimewekwa wodini."

Nilijaribu kumtolea. Nikabonyeza huku na huku, zikaja picha za watu wanaopika. Kesho yake wagonjwa wakarudi. Mpwa wake, mama mmoja mpole aliyekuja kukaa naye na kumpikia, hakuwa na utaalamu zaidi ya wangu. Tukimwita mwanawe kwenye simu anasema ni rahisi sana, bonyeza pale, na pale kwenyewe hatukupaona.

Kitu kingine, watu waliacha kuja. Hawakugombana naye. Hapakuwa na saa mbili tena. Ukija saa mbili unakuta Fundi yuko katikati ya tamthilia aliyoianza alasiri, na kila mtu naye nyumbani ana simu yake na bando lake. Mzee wa reli alikuja jioni kadhaa na kigoda, akakaa barazani, akasikia watu wakilia kwa Kituruki kilichotiwa sauti ya Kiswahili, akauliza, "Habari imekwisha?" Fundi akamjibu kwa unyonge, "Sijui kama imeanza." Akabeba kigoda chake akaondoka, na sikumlaumu.

Jioni moja nilikuwa nimempelekea asali, televisheni ikasimama yenyewe ikaandika maneno kwa Kiingereza. Akaniuliza inasema nini.

"Inauliza kama bado unatazama."

Mkono wenye kastabini ulikuwa juu ya chuma cha kutembelea, na aligongagonga polepole.

"Iambie nipo," alisema. "Nitakwenda wapi?"

Nilicheka, halafu nikaona yeye hakucheka. Roho iliniuma, na nilirudi kwangu mapema.

Sasa ile asubuhi. Ramadhani ya kwanza baada ya dishi kushushwa, jioni ya mwezi ishirini na tisa, mawingu yalikuwa yamefunga mbingu. Fundi alikaa na sinia lake mapajani, mkasi mkononi. Alikuwa ameishona siku nzima kanzu ya mzee wa reli, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ameimaliza mapema. Mpwa wake alimtafutia tangazo la mwezi kwenye televisheni ile. Likaja. Mashekhe wamekaa kwenye meza ndefu, maikrofoni mbele yao, shekhe mkubwa anasema kwamba zimepokelewa taarifa, mashahidi wamethibitisha, mwezi umeandama, kesho ni Idi.

Fundi hakuweza kutoka nje barazani, akaligonga sinia palepale mlangoni, ameegemea chuma chake, mpwa amemshika kiuno. Mtu mzima aliyefungiwa mwaka mzima akasikika tena mpaka relini. Nilitoka nje nikamwona uso. Sijawahi kumwona na uso ule kabla wala baada.

Wapo waliosema, subiri, kwenye simu bado hawajatangaza. Wenzao wakawajibu kwamba Fundi hajawahi kukosea, simu zina uongo. Nyumba kadhaa zikalala na Idi. Hawakuamka kula daku. Asubuhi Fundi alikuwa ameshasimamia pilau toka kitini, akatuma sahani nyumba hii na ile, na mimi nikapata yangu, nikaila yote. Mama wa nyumba ya kijani alikula. Wakwe zake walikula.

Mzee wa reli alikunywa chai kwa tende, akavaa kanzu mpya, akajipaka oudi, akaenda kuswali. Alirudi baada ya muda mfupi. Alisimama mbele ya mlango wa Fundi, kanzu inang'aa, harufu ya oudi inajaza kichochoro.

"Fundi," alisema, "msikitini hakuna mtu."

Basi. Hakuongeza neno. Msikitini alikuwa amemkuta mfagiaji peke yake, aliyemuuliza kwa upole kama anakwenda harusini.

Mwanawe alipopigiwa simu alielewa mara moja. "Mama, hiyo ilikuwa ya mwaka jana." Tangazo lilikuwa la mwaka jana. Shekhe yuleyule, kanzu ileile nyeupe, meza ileile, maneno yaleyale, maana kila mwaka maneno ni hayohayo. Kwenye dishi kilichoonekana ndicho kilichokuwa kinatokea. Kwenye chombo kipya jana na leo na mwaka juzi vimekaa rafu moja. Fundi alikuwa ameuliza maisha yake yote kama samaki ni wa leo, na siku hiyo peke yake hakuuliza, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hata televisheni inaweza kuuza kiporo.

Waliokula walilipa siku yao baadaye. Shekhe wa mtaani alisema waliokosea bila kujua hawana lawama, na kwa dini yalikwisha. Kwa mtaa hayakuisha. Mama wa nyumba ya kijani ndiye aliyeanza: mtu akichelewa, akisahau, akivaa nguo ya zamani, "Kamuulize Fundi ni mwaka gani." Ikawa msemo. Mwanawe naye aliogopa kwa namna yake. Alimwambia kwenye simu, na sauti ilikuwa imewekwa juu nikaisikia yote: "Mama, umri umefika. Jambo jingine kama hili, nakuja kukuchukua. Siwezi kukuacha huko unadanganya watu."

"Sikudanganya," Fundi alisema.

"Najua. Ndiyo maana naogopa zaidi."

Hapo ndipo mlango wake ulipofungwa. Mchana anaufungua kidogo kwa ajili ya mwanga, alasiri anausukuma kwa chuma chake. Sinia likaingia chini ya kitanda. Wateja walipungua, na waliokuja aliwahudumia bila kusengenya mtu, hiyo ndiyo iliyonitisha. Nilijaribu kumfariji. Nikamwambia mji wetu huu zamani uliletewa habari za pwani na watu wa misafara, kwa miguu, habari ina miezi njiani, na watu wa hapa wakazipokea kama za leo wakafurahi nazo.

"Labda," alijibu bila kunyanyua macho kutoka kwenye pindo. "Lakini hawakula mchana kwa ajili ya habari hizo."

Alitaka dishi lake. Alilitaja kwa mwanawe, akaambiwa mambo hayo yamepitwa na wakati. Nilijitolea kulirudisha juu, kuku wangu wangenielewa, akasema hapana, mtoto ataona anadharauliwa. Alikaa kati ya mtoto ambaye yeye hakutaka kumuudhi na mtaa usiotaka kusahau kosa lake, mbele ya ukuta wa kijani.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kweli, kabla mwanawe hajaja na gari, ilikuwa Ramadhani iliyofuata, tena jioni ya mwezi ishirini na tisa. Nilimpelekea asali ya futari. Mpwa wake alikuwa nyuma jikoni. Televisheni ilikuwa imezimwa. Fundi alikuwa ameshafuturu na kuswali, amekaa kitini na kanzu za watu mapajani, zilizobaki vifungo. Sinia sikuliona.

"Huweki tangazo?" nilimuuliza.

"La mwaka gani?" alisema. Alijitania mwenyewe, lakini kwa ukali.

Nilitoka nje kurudi kwangu. Kichochoro kilikuwa kitupu, watu wote wako ndani kwenye futari na swala. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na mawingu yalikuwa bado mazito, ila upande wa reli yalikuwa yamepasuka chini kabisa, na pale kwenye ufa, juu kidogo ya nyasi, ulikuwepo. Mwembamba, umelala. Nilisimama nikiutazama kama mjinga. Halafu nikarudi mbio.

"Fundi, mwezi."

"Wapi?"

"Relini. Nimeuona kwa macho yangu. Njoo."

Alishika chuma, akasimama, akafika mlangoni. Kutoka pale alichoona ni ukuta wa kijani. Akakitazama kidato cha kwanza. Nikanyoosha mikono, naye akanitazama mikono mpaka nikairudisha.

Ndipo nilipokumbuka kioo. Sikuomba ruhusa. Nilikibeba kile kioo cha mabwana harusi, kizito kweli, nikakitoa nje mpaka katikati ya kichochoro, nikakisimamisha juu ya vidole vya miguu yangu kisipasuke na kukigeuza taratibu. Kulia kidogo, alisema. Umezidisha. Kiinamishe. Hapo. Usitikisike.

Sikuweza kumwona, nilikuwa nyuma ya kioo. Nilisikia pumzi yake tu, halafu dua, kwa sauti ya chini. Tulikaa hivyo mpaka kioo kikaanza kunielemea.

"Ni wa leo," alisema.

Nilirudi ndani na kioo. Nilikuwa nimechangamka, nikainama moja kwa moja chini ya kitanda nikalivuta sinia. Lilikuwa na vumbi. "Gonga, Fundi. Wao bado hawajui. Hakuna simu inayojua."

Alilitazama sinia muda mrefu. Mkasi ulikuwa palepale mezani.

"Nani ameuona?" aliuliza.

"Mimi na wewe."

"Wewe ni Mmoraviani, Bwana Asali. Nikienda kwa shekhe nikamwambia shahidi wangu ni wewe, atanipa maji ya kunywa akidhani naumwa. Na mimi nimeona kioo. Sijui kama kioo kinahesabika." Alikaa kitini, akajiweka sawa. "Wakiuliza Fundi kajuaje, niseme nimeonyeshwa na jirani mla pilau? Watacheka. Na mtoto atakuja na gari."

"Lakini ni kweli."

"Najua ni kweli. Kaa."

Nikakaa. Sinia nililiegemeza kwenye mguu wa kiti chake. Yeye akachukua kanzu ya juu na kuanza kushona vifungo, haraka, kwa ajili ya watu ambao walikuwa hawajui bado kwamba watazihitaji asubuhi. Nje mawingu yalifunga tena. Nilisikia kwenye nyumba za watu vijiko, watoto, redio. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Tulikaa na Idi yetu wawili kwenye chumba kile, hatuna pa kuipeleka.

Muda ulipita, ndipo simu zikaanza. Mlio mmoja, halafu mwingine, halafu kelele za watoto kutoka upande wa sokoni zikaja mpaka kwetu. Mtu akavuka kichochoro kwa ndala. Mlango ukasukumwa, na mama wa nyumba ya kijani akaingiza kichwa, simu inawaka mkononi. Alikuwa hajakanyaga pale tangu ile pilau.

"Hodi, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu."

"Nimesema nikuambie, maana nimeona umefunga mlango. Mwezi umeandama. Wametangaza sasa hivi."

Nilifungua mdomo. Fundi aliniwahi, hata hakunitazama.

"Ni ya leo?" alimuuliza.

Mama yule aliangalia chini, akaaibika, nilimwona. "Ya leo, Fundi. Wallahi ya leo."

"Alhamdulillahi," Fundi alisema. "Ahsante, mwanangu, kwa kuniambia. Ningejuaje mimi humu ndani?"

Yule mama akamtakia Idi njema, akaondoka akikimbia, mchele ulikuwa unamsubiri. Mlango aliuacha wazi. Nje mtaa ulikuwa umechangamka, na hakuna aliyesubiri sauti yoyote kutoka kwetu.

"Nipe hilo sinia," Fundi aliniambia.

Nilidhani sasa ataligonga. Nililifuta vumbi kwa shati langu nikampa. Alilaza sinia mapajani, akanyoosha mkono kwenye dirisha akachukua kopo lake la vifungo, akalimimina lote juu ya ile shaba. Vifungo vilishuka vyote kwa pamoja, sinia likalia, mara moja tu, si kwa nguvu. Akaweka kiganja juu yake mpaka likanyamaza, halafu akaanza kuchambua vyeupe.